Pak Cik wa Kila Mtu

Mume wangu Rejab hajawahi kunionea wivu mimi. Si kwamba sikujaribu. Nimejipaka wanja, nimechekeana na muuza samaki mpaka akanipa kichwa cha samaki bure, na Rejab alichoniuliza ni kichwa hicho tutakipika na nini. Tangu tuoane nangoja siku atakayosimama mlangoni aniulize, "Ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani?" Naona nitazikwa nikingoja. Basi fikirini nilivyojisikia nilipogundua, tena safarini, tena tumekwenda kupumzika, kwamba wivu mwanamume huyu anao, na wa kutosha kuzamisha feri, ila wote kauweka akiba kwa ajili ya neno moja linalotoka kinywani mwa binti yangu.

Neno lenyewe ni Abah. Maana yake ni baba.

Rejab anaendesha mashine ya kuvuna mpunga. Kwetu Pendang mpunga ukiiva humwoni nyumbani, anashinda juu ya lile dude shamba kwa shamba, na ngurumo yake imemla sikio la kushoto lote na la kulia nusu. Kwa hiyo anasema kwa sauti ya kushindana na injini hata akiomba chumvi. Siku akinyamaza, ujue pana jambo.

Aliponioa nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Marehemu Yusop alifia barabarani Suhaila akiwa bado anatambaa, na mimi na Rejab Mungu hakutujalia mwingine, kwa hiyo Suhaila ndiye huyo huyo, wangu na wake. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kazi hiyo Rejab aliifanya. Alimpeleka shule kwa pikipiki, mvua ikinyesha koti la mvua anavaa mtoto, yeye analowa. Nilipolazwa hospitali alimsuka nywele mwenyewe, mtoto akaenda shule na kimkia kimoja kimeelekea Makka na kingine Siam. Walimu walicheka. Suhaila hakukubali nywele zifumuliwe mpaka jioni.

Na miaka yote hiyo anamwita Pak Cik. Pak Cik ni nani kwetu? Ni kila mwanamume mwenye mvi. Muuza samaki ni Pak Cik, dereva wa basi ni Pak Cik, mlinzi wa benki anayesinzia ni Pak Cik. Watu wa kwetu walikuwa wakisema mtoto huyu mbishi, amekataa kumwita baba wa kambo Abah, na mimi nikasema atazoea. Hakuzoea. Rejab alikuwa akicheka tu, anasema jina si chakula.

Sasa Suhaila ameolewa. Siku ya ndoa walii alikuwa kaka wa marehemu Yusop, mtu aliyekuja kutoka Kuantan, ambaye maisha yake yote hajamnunulia msichana yule hata penseli. Sheria ya dini ni sheria, hakuna wa kulaumiwa. Rejab alikaa nyuma karibu na viatu, akajifuta macho kwa kofia yake, akalimeza hilo. Lililomkwama kooni lilikuja saa ile ile, udi haujazimika, Suhaila alipopiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akabusu mkono wake, akasema, "Abah, nipokee."

Ndiyo desturi yetu. Ukiolewa, wazazi wa mume ni wazazi wako, na unawaita vile anavyowaita yeye. Ni adabu tu. Mimi mwenyewe nilimwita mkwe wangu wa kwanza Abah, na alikuwa mtu wa hovyo kabisa. Lakini mweleze Rejab hayo uone kama sikio lake lililobaki halitaziba nalo.

Ubaya ni kwamba Haji Mahazir, baba yake Hakimi, ni mtu mwema. Ni mstaafu wa benki, ananukia vizuri, anauliza hali ya kila mtu na anangoja ajibiwe. Yeye ndiye aliyetualika Langkawi, kile kisiwa cha bidhaa zisizotozwa ushuru, familia zote mbili, tuzoeane kabla Suhaila hajahamia kwao Ipoh, maana tangu ndoa alikuwa bado kwetu akimalizia kazi yake. Hakimi mwenyewe likizo ilimwishia mapema akatangulia kazini, tukabaki wazee wanne na bibi harusi. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Mwema unamchukia halafu unajichukia na wewe.

Kisiwani ilikuwa Abah asubuhi, Abah adhuhuri. Abah, tazama huku nikupige picha. Abah, onja chokoleti hii, haina sukari nyingi. Abah, usikae juani. Na Rejab pembeni anatafuna upande mmoja wa mdomo, utadhani ana jino bovu. Alijinunulia chupa ya mafuta ya jongoo bahari, yale ya kuchua, kwa ajili ya magoti yake yaliyochoshwa na mashine. Jioni yake Haji akalalamika kiuno. Suhaila akaichukua chupa mezani bila kuuliza, akampa. "Abah, jipake haya, ni dawa kweli." Ilirudi nusu. Rejab aliinyanyua kwenye mwanga, akaitazama, akairudisha mfukoni, na tangu hapo mafuta yale hayakutoka mfukoni hata kwa kuoga.

Mimi nilikuwa na yangu, msinione malaika. Hajah Norlida, mke wa Haji, alinunua masufuria ya seti nzima, na mimi sufuria moja na mfuniko usio wake. Lakini mimi niliulia wivu wangu dukani, nikaenda zangu.

Siku ya kurudi tulipanga foleni bandarini na magari yetu mawili, la Haji mbele, letu nyuma, yote yamejaa vyombo na blanketi na chokoleti. Sanduku la Suhaila la kuhamia lilikuwa tayari kwenye buti ya Haji, kwa sababu tukishuka Kuala Perlis, bandari ya bara, wao wangeshika njia ya Ipoh na sisi ya nyumbani. Haji akashuka kwenda kununua kahawa. Ndipo foleni ikaanza kusogea. Kijana wa feri, mwenye kizibao kinachong'aa, akaja mbio, akamkuta Suhaila amesimama kati ya magari mawili.

"Baba yako yuko wapi, dada? Gari hili lisogezwe."

"Abah amekwenda kununua kahawa, anakuja."

"Na huyu?" Akamwonyesha Rejab, aliyekuwa kwenye usukani wetu, dirisha wazi.

"Huyu Pak Cik," akasema Suhaila.

Kijana akapiga boneti letu kwa kiganja. "Haya Pak Cik dereva, shuka basi ulisogeze gari la bosi wako, tusicheleweshe watu."

Nilitaka kucheka. Kisha nikautazama uso wa Rejab, kicheko kikaniishia. Alishuka, akaingia kwenye gari la Haji, akalisogeza vizuri kabisa, akarudi, akaliingiza letu ndani ya feri bila kusema neno. Suhaila alikuwa ameshakimbia kumpokea Haji vikombe vya kahawa na hakuona kitu.

Magari yakibanwa mle ndani hakuna anayeruhusiwa kubaki chini. Rejab alijaribu kubaki, akafukuzwa, akapanda ngazi akaenda kuketi safu za nyuma kabisa, mbali na Haji, mbali na dirisha, mbali na mimi. Mbele kulikuwa na televisheni inapiga kelele za filamu. Hajah Norlida akanigeukia.

"Mkwe, mzee anaumwa?"

"Bahari," nikasema. "Haipatani naye."

Nikainuka nikamfuata.

"Kitu gani?" nikamwuliza.

"Hakuna kitu."

"Mbona uso kama umemeza kamba na maganda yake?"

"Umesikia pale bandarini."

"Nimesikia. Wewe umesikia kwa sikio lipi? Nikikuita kula husikii."

Hakucheka. "Nimemlea mtoto yule nikiwa nani? Dereva?"

"Aliyekosea ni kijana wa feri, si Suhaila."

"Kijana kakosea nini? Ameambiwa baba ni yule, huyu ni Pak Cik. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Mwezi mmoja tu, mama Suhaila. Mtu ana mwezi mmoja naye, kazi yake kupigwa picha, ni Abah. Mimi niliyemwosha kamasi ni Pak Cik wa kila mtu."

"Si ulisema jina si chakula?"

"Nilikuwa nimeshiba."

Hilo sikulitegemea.

"Tukifika," akasema, "nawasha gari naondoka. Wewe waage, mimi nakungoja barabarani."

"We mzee, mtoto anahama leo. Anakwenda kukaa Ipoh. Utamwacha aondoke bila kukubusu mkono?"

"Mikono ipo. Abah anayo miwili."

Hapo na mimi nikapandwa na zangu. Nikamwambia mimi mbona naondoka, nakwenda kwa dada yangu Taiping juma zima, ananiacha stendi na mzigo wangu na hata kununa hanuni. Mimi si mtu?

"Wewe unarudi," akasema.

Tukakaa hivyo, feri inatetemeka chini ya miguu yetu, bara limeshaanza kuonekana. Safari yenyewe si ndefu. Nilikuwa nahesabu kichwani nani nimwite, nani nimfinye, nikaona Suhaila anakuja kati ya viti na kikombe cha tambi za maji moto, anatembea polepole yasimmwagikie.

"Pak Cik, kula kidogo. Mama anasema bahari imekukataa. Tumbo tupu ndilo linalokoroga."

"Mpelekee Abah yako."

Alisimama na kikombe chake. Suhaila si mjinga, nimemzaa mimi. Alimtazama Rejab, akanitazama mimi, akaketi kiti cha upande wa sikio linalosikia.

"Kumbe ndicho hicho," akasema.

"Sina kitu mimi."

"Pak Cik."

"Ndiyo hivyo. Pak Cik. Yule anayefagia kule naye Pak Cik. Yule anayekoroma naye Pak Cik. Nenda kawape tambi wote."

"Si wewe ndiye uliyenikataza?"

"Nilikukataza nini?"

"Kukuita Abah."

Rejab akamgeukia. Mimi pia nikamgeukia.

"Mama alinifundisha juma zima," akasema Suhaila. Hakuwa analia, alikuwa anakoroga tambi. "Nikioga, sema Abah. Nikila, sema Abah. Siku uliyokuja na shokishoki na mkoba wangu wa shule nilikungoja mlangoni nikakuita vizuri tu. Abah. Ukachuchumaa pale kwenye ngazi, ukaniambia, 'Usiniite hivyo, mwanangu. Baba yako unaye, yuko kaburini, hawezi kujitetea. Mimi niite Pak Cik.' Nikaenda nyuma ya banda la kuku. Nikajua hunitaki. Halafu bibi akaja akanifinya, eti nimekataa kukuita Abah mbele ya wageni. Nikamwacha anifinye."

Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni nahangaika na tui. Hayo yote sikuyajua, na wala sijawahi kuambiwa. Ukoo mzima ulimwita mtoto mbishi, na mtoto alikuwa anatii.

"Nilisema hivyo?" Rejab akauliza.

"Ulisema."

"Nilikuwa namstahi marehemu."

"Na mimi nilikuwa na miaka saba."

Rejab akakipokea kile kikombe cha tambi, lakini hakula. Ulimi hauna mfupa, husema ukasahau, na anayekumbuka ni yule aliyeambiwa. Nilidhani yameisha. Nilidhani sasa watabusiana mikono na mimi nitapata kulia kidogo kwa raha zangu. Lakini mtu mwenye wivu hashibi maelezo.

"Basi sasa nakuruhusu," akasema Rejab.

"Unaniruhusu nini?"

"Uniite. Mara moja tu, kabla hatujafika."

Alidhani amenong'ona. Safu mbili za mbele ziligeuka kututazama.

Suhaila akacheka kwa aibu. Akasema ulimi umeshakomaa, akasema watu wanatazama, akasema Pak Cik jamani. Rejab alikaa tu anangoja, kikombe magotini, kama mtoto anayengoja kugawiwa. Basi msichana akajikohoza, akakaa sawasawa, akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, "Abah."

"Naam, mwanangu," akaitikia Haji Mahazir kutoka kule mbele.

Aliinua na mkono ili tumwone alipo. Watu wakacheka. Hajah naye akageuka akitabasamu, anadhani binti anataka kitu. Suhaila akaziba mdomo kwa kiganja, akasema hapana Abah, yaani, si kitu Abah, na kila alivyojitetea neno lilizidi kwenda mbele kwa mwenyewe.

"Nenda," akasema Rejab. "Unaitwa."

"Sikumwita yeye."

"Nenda, mwanangu. Mzee wa watu ameinua mkono."

Akaenda. Sijapata kuona mtu akinyang'anywa kitu waziwazi namna ile na mwizi hana habari kama ameiba. Rejab alikula tambi zote, harakaharaka, bila kupuliza.

"Anaitika upesi mno yule," akaniambia.

"Ameitwa."

"Hakuitwa yeye."

"Wewe mwenyewe ulilikataa neno. Mwenzio kalikuta njiani kaliokota."

"Najua," akasema. Kisha akasema kwa sauti ndogo kabisa, ndogo kweli safari hii, "Nilitaka tu nilisikie likija kwangu."

Kipaza sauti kikatangaza wenye magari washuke. Sote tukajazana kwenye ile ngazi ya chuma ya kwenda chini, nyembamba, imesimama wima, na watu na mifuko yao ya chokoleti. Haji alikuwa mbele akishuka kinyumenyume, amemshika Suhaila mkono kwa hadhari, ngazi baada ya ngazi. Nyuma yao watu kadhaa, kisha mimi, kisha Rejab. Nilikuwa nawaza nitaongea nini na mume huyu njia nzima mpaka Pendang.

Feri ikagonga gati. Ngazi nzima ilitikisika. Mfuko wa Suhaila ukamtoka, mguu ukateleza, akapiga ukelele.

"Pak Cik!"

Wanaume wote wenye mvi kwenye ngazi ile waligeuka. Haji alikuwa amemdaka, mikono miwili, imara kabisa, hakuanguka hata kidogo.

"Nimekushika, mwanangu. Tulia. Abah nipo."

Lakini Suhaila macho ameyafumba, amemkumbatia Haji shingoni, na bado anaita. "Pak Cik. Pak Cik yuko wapi?"

Nikahisi nasukumwa pembeni. Rejab alipita juu ya mabega ya watu, juu ya mifuko, sijui alipitaje na magoti yale, na akajibu kwa ile sauti ya shambani inayovuka mashine na mpunga na mifereji mpaka barabara kuu.

"Niko nyuma yako hapa."

Suhaila akafumbua macho. Akamwachia Haji, akashika mkono wa shati la Rejab, na ndivyo alivyoshuka ngazi zilizobaki. Haji alisimama chini mikono bado imenyooka mbele yake, akaitazama, akaishusha.

Kule chini injini zilishaanza kuwashwa na vijana wa vizibao walikuwa wanatuharakisha. Suhaila akainama akabusu mkono wa Rejab, na akakawia kuinuka. Rejab akamsomea Fatiha, akampulizia utosini. Kisha akatoa mfukoni ile chupa ya mafuta iliyobaki nusu akamtia mkononi, akisema Ipoh kuna baridi ya milima. Hakuna baridi ya maana Ipoh.

Haji akafungua mlango wa gari lake, Suhaila akaingia nyuma, na sanduku lake, na maisha yake. Haji hakuingia. Alisimama kati ya magari yetu mawili, mtu mwema yule, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane alikuwa hatabasamu.

"Bwana Rejab," akasema, "neno lile la pale ngazini lilikuchukua muda gani?"

Rejab, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha isiyokuwa na huruma.

"Nilianza naye hana meno ya mbele," akasema. "Wewe umempata na meno yote."

Haji akatikisa kichwa taratibu. Nyuma yetu walikuwa wanapiga honi. Akaingia, akafunga mlango, akawasha gari, akaondoka na mtoto wetu.